Kazi ilipatikana, njia ya kuifikia haikuwepo: kisa cha familia moja katika mji wa Marekani usio na basi la usiku

Kuhusu kisa hiki

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika kitengo cha ajira cha shirika linalopokea wakimbizi kwenye mji wa ukubwa wa kati nchini Marekani. Familia ninayoieleza hapa ilipita mikononi mwangu. Jina la mji, jimbo, shirika na mwajiri nimeyaacha. Baba na mama nitawaita Baba Furaha na Mama Furaha, na Furaha si jina la mtoto wao. Kiasi cha fedha nimekiweka kwa namba kamili ili hesabu ifuatike.

Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaofanya kazi kama yangu, na pia kwa ndugu waliokwisha kufika na ambao sasa ndio wanaowapokea wageni uwanja wa ndege. Waswahili wengi huja Marekani wakiwa na picha ya nchi ya magari na barabara pana. Picha hiyo ni ya kweli. Asichoambiwa mtu ni kwamba asiye na gari hana nafasi katika picha hiyo.

Familia

Baba Furaha alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 akiwa kijana, akaishi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa zaidi ya miaka ishirini. Huko alioa, akapata watoto watano, akawa fundi baiskeli. Kambini baiskeli ndiyo lori, ndiyo teksi, ndiyo gari la wagonjwa, kwa hiyo mtu huyu alikuwa ndani ya shughuli za usafiri maisha yake yote. Hakuwahi kuendesha gari.

Walifika mwezi wa tisa. Msaada wa awali wa kupokelewa ulihesabiwa kwa siku 90, na ndani ya siku hizo shirika lilitakiwa liwe limepata nyumba, limeandikisha watoto shule, limekamilisha kadi za serikali, na ikiwezekana baba au mama awe kazini. Juu ya hapo kuna deni la tiketi ya ndege. Wakimbizi hukopeshwa nauli bila riba na huanza kuilipa baada ya miezi sita. Saa ya familia huanza kugonga siku wanayotua.

Mji, na namna ulivyofika hapo ulipo

Sehemu hii nitaikalia kidogo, kwa sababu bila kuielewa mtu atadhani kisa hiki ni cha bahati mbaya.

Mji wetu ulikuwa na tramu. Kuna mtaa wa katikati ambako lami ikichimbuka unaona reli za zamani. Miji mingi ya Marekani iko hivyo. Baada ya mfumo mkubwa wa tramu za umeme kufanikiwa Richmond, Virginia, mwaka 1888, miji ilitanuka kwa kufuata reli, na nyumba zilijengwa umbali ambao mtu anaweza kutembea kutoka kituoni. Kisha mwaka 1908 ikaja Model T ya Ford. Ilianza kwa dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Mfanyakazi wa kawaida akaweza kuwa na gari.

Watu hupenda kusimulia kwamba tramu ziliuawa kwa njama. Ni kweli kwamba mwaka 1949 kampuni ya National City Lines na washirika wake walitiwa hatiani kwa kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi na vifaa kwa kampuni za usafiri walizozishika. Lakini tramu zilikuwa zimeanza kuugua mapema. Nyingi zilifungwa kwenye nauli ya senti tano wakati gharama zinapanda, na mikataba iliwalazimu wenye tramu kutunza lami ambayo magari ya watu wengine ndiyo yaliyokuwa yakiila. Mimi naona hilo ni zito kuliko njama.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1956. Rais Eisenhower, ambaye akiwa ofisa kijana mwaka 1919 alisafiri na msafara wa jeshi uliochukua siku 62 kutoka Washington hadi San Francisco, alitia saini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo. Mpango ulikuwa wa maili 41,000, yaani kilomita 66,000 hivi, na serikali kuu ingebeba asilimia 90 ya gharama. Meya gani angekataa fedha za namna hiyo? Mara nyingi barabara hizo zilipitishwa katikati ya mitaa ya watu Weusi: Overtown kule Miami, Rondo kule St. Paul, Claiborne Avenue kule New Orleans, Black Bottom kule Detroit. Mtaa uliokuwa na maduka, makanisa na wateja wa tramu ukageuka nguzo za zege.

Kazi nazo zikahama. Viwanda na maghala yalikwenda kwenye barabara za mzunguko nje ya mji, ambako ardhi ni rahisi na malori hutoka moja kwa moja hadi barabara kuu. Wasio na magari wakabaki katikati na mabasi yanayopungua. Serikali kuu ilianza kusaidia usafiri wa umma wa mijini kwa sheria ya mwaka 1964, na tangu miaka ya 1980 mwanzoni kuna sehemu ya kodi ya petroli inayokwenda kwenye mabasi na treni, ila sehemu kubwa bado ni ya barabara. Kodi yenyewe imesimama kwenye senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993. Kabla ya mwaka 2020, katika kila Wamarekani 20 wanaokwenda kazini, mmoja tu alitumia usafiri wa umma, na wengi wa hao walikuwa New York na miji mingine michache mikubwa. Kaya zisizo na gari kabisa ni kama asilimia 8 nchi nzima. Wateja wetu wanapofika, wote wako ndani ya hiyo nane.

Nyumba mbili

Mwezi wa nane, kabla familia haijafika, mwenzetu wa kitengo cha makazi alikuwa na nyumba mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa kwenye majengo ya ghorofa mbili ya miaka ya sabini, upande wa mashariki. Basi hupita kila baada ya saa moja, la mwisho ni saa tatu na dakika 50 usiku, na Jumapili halipo kabisa. Ya pili ilikuwa karibu na hospitali kubwa, kwenye njia ambayo basi hupita kila dakika 15 hadi saa sita usiku, lakini kodi yake ilizidi ya kwanza kwa dola 140 kwa mwezi.

Tulichukua ya kwanza. Sababu ilikuwa nzuri kwa namna yake: fedha za mapokezi ni chache, watoto ni watano, na mwenye nyumba wa kwanza hakudai historia ya mikopo. Pia familia nyingine za Kikongo zilikuwa zinaishi hapo. Hakuna aliyeuliza swali la basi. Nami nilikuwemo kwenye kikao hicho.

Kazi

Katikati ya mwezi wa kumi nilimpatia Baba Furaha kazi ghalani, kando ya barabara ya mzunguko, kilomita 22 kutoka nyumbani. Dola 17 kwa saa, bima ya afya baada ya miezi miwili, Kiingereza si sharti. Shifti ya pili: saa tisa alasiri hadi saa tano na nusu usiku. Mwajiri alikuwa anachukua watu kwa makundi, na sisi tulikuwa na watu.

Nilichora njia yake kwenye karatasi. Kama angepanda basi la saa sita na dakika 35 mchana, angefika kituo kikuu, angesubiri dakika 25, angepanda la pili na kushushwa saa nane na robo mahali ambapo njia inaishia, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Kutoka hapo ni kilomita nne kwa miguu. Barabara haina njia ya wapita kwa miguu, ina ukingo wa kokoto tu. Angeingia getini saa tisa na dakika tano, yaani amechelewa. Kwa hiyo ilimbidi apande la saa tano na dakika 35 asubuhi. Kurudi usiku hakukuwa na basi lolote.

Niliona haya yote kwenye karatasi, na bado nilimwambia aanze Jumatatu. Nilijiambia njia itapatikana. Baba Furaha mwenyewe alicheka aliponiona nasitasita. "Dada yangu, miye nilitoka Fizi kwa miguu. Kilomita nne ni nini?"

Wiki za mwanzo: hisani

Kwa wiki tatu mzee mmoja wa kanisa lililoidhamini familia alimfuata ghalani kila usiku. Mstaafu, mtu mwema, hakudai hata senti ya mafuta. Wiki ya nne akaumwa mgongo.

Usiku wa kwanza bila yeye, Baba Furaha alianza kutembea kurudi nyumbani. Baada ya saa moja na nusu hivi polisi walimsimamisha: mtu mweusi mwenye koti jeusi kando ya barabara ya magari ya kasi, usiku wa manane, mwezi wa kumi na moja. Walimwelewa, na wakampeleka hadi mlangoni. Yeye alilisimulia jambo hilo kama ukarimu. Mkewe aliyefungua mlango akaona taa za bluu hakulisimulia hivyo.

Lifti ya kulipia

Mkongo mwenzao mwenye gari dogo la abiria saba alikuwa akifanya kazi ghala hilohilo. Alichukua watu sita kwa dola 60 kila mmoja kwa wiki. Wenyewe huita raidi. Ukitoka Dar au Nairobi utaona ni daladala au matatu iliyozaliwa upya bila kondakta, na kwa kweli ilifanya kazi vizuri kwa wiki tisa. Watu walifika kwa wakati, waliongea lugha yao njiani, na aliyeumwa alijulikana kabla hajapiga simu.

Ofisini tuliitazama kwa jicho la wasiwasi. Bima ya kawaida ya gari binafsi mara nyingi hailipi ajali ikitokea wakati dereva anabeba abiria kwa malipo. Tulijadili kama tuwakataze. Tuliamua kunyamaza, kwa sababu hatukuwa na cha kuwapa badala yake. Uamuzi huo naweza kuutetea nusu tu: kunyamaza kulikuwa sawa, kuacha kutafuta kitu kingine huku tukinyamaza hakukuwa sawa.

Katikati ya mwezi wa kwanza mwenye gari alipata kazi jimbo lingine, yenye malipo mazuri zaidi. Aliwaaga Ijumaa. Jumatatu watu sita hawakuwa na njia.

Ghala lile lina utaratibu wa pointi. Kuchelewa ni nusu pointi, kukosa ni pointi nzima, na ukifikisha sita ndani ya siku 90 umeondoka. Hakuna anayekufukuza, mashine inahesabu tu. Wawili kati ya wale sita waliondoka mwezi huohuo. Baba Furaha alikwenda kwa teksi za kuitwa kwa simu kwa wiki moja: dola 30 kwenda, dola 30 kurudi, katika siku inayoingiza dola 136 kabla ya makato.

Gari

Ndipo aliponunua gari, bila kutuambia.

Lilikuwa la dola 4,500, kutoka kwenye uwanja wa magari unaouza na kukopesha wenyewe papo hapo. Kianzio kilikuwa dola 1,500, ambazo alizipata kwa akiba yake na zamu yake katika likelemba, ule mchezo wa kupeana fedha ambao Wakongo waliuleta kutoka nyumbani. Kilichobaki angelipa dola 75 kila wiki, na riba ambayo nilipoisoma kwenye mkataba ilinibidi nivue miwani na kuivaa tena. Bima ilikuwa dola 240 kwa mwezi, kwa kuwa machoni pa kampuni za bima mtu wa miaka arobaini na kitu asiye na historia ya kuendesha ni sawa na kijana wa miaka kumi na sita.

Chini ya dashibodi kulikuwa na kifaa kidogo asichokijua. Mwezi wa pili alichelewesha malipo kwa siku mbili. Saa tano na nusu usiku alitoka kazini, akazungusha ufunguo, gari likakaa kimya. Halikuwa na hitilafu. Muuzaji alilizima kwa mbali. Alilala ndani ya gari hilo kwenye uwanja wa ghala hadi asubuhi, na baridi ya mwezi wa pili huku si ya kusimulia.

Na leseni? Hakuwa nayo, wala lena, kile kibali cha kujifunza kinachomruhusu mtu kuendesha akiwa na mwenye leseni pembeni. Mtihani wa maandishi unaotangulia lena alikuwa ameshindwa mara mbili. Jimbo letu linautoa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini watu walikuwa wakijisomea kijitabu cha mazoezi kilichozunguka kwenye simu, kilichotafsiriwa na mashine. Alama ya kumpisha mwenzio barabarani ilikuwa imeandikwa "Mavuno", kwa kuwa neno la Kiingereza "yield" lina maana zote mbili. Baba Furaha aliniuliza kwa dhati kabisa kama ina maana kuna mashamba mbele. Maneno mengine yalikuwa Kiswahili sahihi ila si chake: alijua "rompwe", hakujua "mzunguko", alijua "permi", hakujua kwa nini karatasi nzima inasema "leseni".

Mwezi wa tatu alisimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua. Hakuwa na leseni wala lena. Akapewa tarehe ya mahakama.

Mwezi wa nne: kila kitu mara moja

Hakimu alikuwa mtu wa busara. Alimpa siku 90 alete leseni, na kosa lingepunguzwa. Gharama za mahakama zilikuwa dola 185. Wiki mbili baadaye giaboksi ikafa. Fundi alitaja bei inayokaribia kianzio cha gari, na muuzaji akasema dhamana haimhusu. Malipo yalipokatika gari likachukuliwa usiku kwa lori la kuvuta. Baba Furaha alikuwa na pointi tano na nusu.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwezi wa kumi. Nilikwenda ghalani kumwona mkuu wa watumishi.

Mazungumzo hayo yalinifundisha zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Aliniambia wazi kwamba alikuwa amekaribia kuacha kuchukua watu wetu. Wanafanya kazi vizuri, alisema, kisha mwezi wao wa tatu kazini wanapotea. Yeye alidhani wanachoka. Sisi ofisini tulidhani yeye ni mkali. Kumbe mwezi huo wa tatu wa kazi ndio muda ambao hisani ya kanisa huisha na lifti ya kwanza huvunjika. Hakuna upande uliokuwa umeuliza wanafikaje.

Vani

Mamlaka nyingi za usafiri Marekani zina mpango wa vani za pamoja: zinakodisha gari kwa kundi la wafanyakazi wanaokwenda mahali pamoja, mmoja wao anaendesha, bima na matengenezo yamo ndani ya bei, na wote wanagawana gharama. Wazo si geni. Kampuni ya 3M kule Minnesota ilianza kubeba wafanyakazi wake kwa vani mwaka 1973, mwaka ambao petroli ilianza kuwa tatizo. Mji wetu ulikuwa na mpango kama huo. Nilikuwa nimepita mbele ya bango lake mara ngapi sijui.

Kikwazo kilikuwa dereva. Masharti yalitaka mtu mwenye leseni kwa miaka mitatu na rekodi safi. Tulimpata Mrundi mmoja wa shifti hiyohiyo, aliyekuwa mjini kwa miaka saba. Alikubali kwa sharti kwamba yeye asilipie kiti chake, na kwamba anayechelewa zaidi ya dakika tano anaachwa. Kundi likakubali masharti yote mawili kwa sauti moja, jambo ambalo kwa kundi la watu saba si dogo.

Mwajiri alichangia sehemu ya gharama na kumfutia Baba Furaha pointi mbili. Kila abiria alibaki akilipa dola 95 kwa mwezi. Linganisha na dola 240 kwa mwezi za lifti ya kwanza. Vani ilianza katikati ya mwezi wa tano.

Mwezi wa sita Baba Furaha alifaulu mtihani wa maandishi, safari hii akiwa amesoma na mwalimu wa kujitolea aliyekaa naye na picha za alama bila kijitabu chochote. Wa barabarani alifaulu ndani ya zile siku 90. Mahakama ikapunguza kosa.

Mama Furaha

Nimefika hapa nikiwa sijamtaja ipasavyo, na hivyo ndivyo jalada letu lilivyokuwa pia.

Mtoto wao wa nne ana pumu. Kati ya mwezi wa kumi na wa tatu alikosa miadi mitatu ya kliniki. Kliniki iliandika kwamba familia "haizingatii matibabu". Mama Furaha alikuwa akipanda basi la kila saa moja akiwa na mtoto mgonjwa na mdogo wake mgongoni. Basi likiwahi dakika tatu, au yeye akichelewa dakika tatu, siku imekwenda.

Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, hugharamia usafiri wa kwenda kwenye matibabu kwa asiye na njia. Lazima upige simu siku kadhaa kabla, na simu inapokelewa kwa Kiingereza hadi uombe mkalimani. Huduma hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia. Tuliambiana sisi kwa sisi kwenye mafunzo, tukaitia kwenye karatasi ya kurasa kumi na nne, tukampa asaini.

Nilipomweleza mwezi wa nne alinitazama kwa muda. "Dada, kumbe gari lilikuwa linatungoja sisi?"

Uchambuzi

Hesabu kwanza. Tangu lifti ya kulipia hadi gari kuchukuliwa, familia ilitumia dola 540 za lifti, 1,500 za kianzio, 1,050 za malipo ya wiki, 960 za bima na 185 za mahakama. Jumla dola 4,235, bila petroli wala zile teksi. Nyumba ya pili, ile ya karibu na hospitali, ingewagharimu dola 1,120 zaidi tangu mwezi wa tisa hadi wa nne.

Nisidanganye kwa hesabu hiyo. Nyumba ya pili isingemfikisha ghalani. Basi la kila dakika 15 haliendi huko. Ingefungua kazi nyingine: chumba cha kufulia cha hospitali, jikoni, hoteli za katikati, kazi zinazolipa dola moja au mbili pungufu kwa saa lakini zinafikika. Kosa letu halikuwa nyumba peke yake wala kazi peke yake. Tulichagua nyumba kwa bei, tukachagua kazi kwa mshahara, kisha tukaacha kilomita 22 zilizobaki kati yake ziwe mzigo wa mtu asiye na chombo. Ukitazama vizuri, ndivyo mji wenyewe ulivyojengwa: makazi huku, kazi kule, na kila mtu ajitegemee katikati. Sisi tulirudia kwa familia moja kile ambacho wapangaji walikifanya kwa mji mzima.

Hisani ya kanisa ilifanya kazi mpaka mgongo wa mtu mmoja ulipouma. Naitaja bila dharau. Historia ya nchi hii inaonyesha lifti zinaweza kubeba umma. Wakati wa mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, uliopinga ubaguzi wa rangi ndani ya mabasi, watu Weusi waliishi bila basi kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955, wakisafirishana kwa mamia ya magari binafsi na magari yaliyonunuliwa kwa jina la makanisa. Walikuwa na vituo na ratiba. Bima za magari zilipofutwa na kampuni za huko, walikwenda kuitafuta kwenye soko la bima la Lloyd's la London. Yaani kilichobeba Montgomery, pamoja na moyo, kilikuwa utaratibu. Sisi tulikuwa na moyo tu, na namba ya simu ya mzee mmoja.

Lifti ya kulipia ndiyo iliyokuwa suluhisho la kweli la kwanza, na ililetwa na wateja wenyewe. Vani ni lifti hiyohiyo ikiwa imepewa bima, mkataba na dereva wa akiba. Kama mwezi wa kumi na moja tungewafuata wale sita tukawauliza tuwasaidieje kuirasimisha, badala ya kunyamaza kwa aibu, gari la dola 4,500 lisingenunuliwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika kisa kizima.

Kuhusu gari lenyewe, baadhi ya wenzangu walisema Baba Furaha "alifanya uamuzi mbaya". Sikubali. Alikuwa na njia tatu: kupoteza kazi, kulipa karibu nusu ya mshahara kwa teksi, au kununua gari kwa yeyote atakayemkopesha. Alichagua iliyokuwa na matumaini zaidi. Kilichokosekana ni mtu wa kumsomea mkataba, na kuuliza kile kifaa chini ya dashibodi ni cha nini. Sasa tunayo saa moja ya somo hilo, na mwalimu wake ni yeye. Kuendesha bila leseni ni jambo jingine. Hapo alijua, na alisema hivyo mahakamani.

Tulichobadilisha ofisini ni kidogo. Ratiba ya basi inasomwa kwenye kikao cha nyumba, kwa sauti, pamoja na ya Jumapili. Simu ya kwanza ya usafiri wa kliniki inapigwa na mfanyakazi akiwa na mama, mkalimani akiwa kwenye laini, na mama ndiye anayeongea. Kwa mwajiri wa nje ya mji hatupeleki mtu mmoja tena. Tunapeleka kundi lenye vani, au hatupeleki. Hili la mwisho limetugharimu. Takwimu zetu za ajira ndani ya siku 90 zimeshuka, na mfadhili ameuliza kwa nini.

Hali ilivyo sasa

Mwaka mmoja baada ya kufika, Baba Furaha bado yupo ghalani na ndiye dereva msaidizi anayesubiri rekodi yake itimize miaka. Hajanunua gari lingine. Anaweka akiba ya kulipa taslimu. Mtoto hajakosa kliniki tangu mwezi wa tano. Familia haijahama, kwa kuwa mkataba wa nyumba haujaisha na watoto wamezoea shule.

Mama Furaha amechukua lena. Jumapili asubuhi, siku ambayo hakuna basi mtaani kwao, yule mzee wa kanisa huleta gari lake, mgongo ukiwa umepoa, wakaenda naye kwenye uwanja wa kuegesha wa jengo la maduka lililofungwa miaka mingi iliyopita. Uwanja ule unaweza kuchukua maelfu ya magari. Huwa wao peke yao, na yeye anazunguka humo taratibu, akipisha magari ambayo hayapo.